Stadi za ufundishaji za wahadhiri na ufaulu wa wanafunzi chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wahadhiri, wakuu wa idara, wanafunzi, na wale wanaoandika tasnifu kuhusu mada hii. Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye swali lenye maelezo kamili.

## Mambo ya msingi

1. Je, ufundishaji wa mhadhiri unabadilisha kweli matokeo, au mwanafunzi mwenye bidii atafaulu tu hata afundishwe na nani?

Unabadilisha, tena kwa kiasi kinachoonekana kwenye orodha ya waliofeli. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti 225 zilizolinganisha namna mbili za kufundisha sayansi, hisabati na uhandisi: mhadhara mtupu, na kipindi ambacho wanafunzi hupewa kazi ya kufikiri humohumo darasani. Kwenye mihadhara mitupu waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8. Kwenye madarasa shirikishi walikuwa asilimia 21.8. Kwa kozi ya wanafunzi 300, tofauti hiyo ni watu 36 ambao ama wanavuka ama wanarudia somo. Alama za mitihani nazo zilipanda kwa takriban asilimia 6.

Mhadhiri si kila kitu. Msingi aliokuja nao mwanafunzi, muda anaoupata wa kujisomea, ada, afya na makazi vyote vina uzito, na alama za kuingilia chuo ni miongoni mwa vitu vinavyotabiri matokeo kwa nguvu zaidi. Lakini idara haiwezi kurudi nyuma ikabadilisha sekondari aliyosoma mwanafunzi. Ufundishaji inaweza kuubadilisha muhula ujao.

2. "Stadi za ufundishaji" ni zipi hasa?

Ni mambo yanayoweza kuonekana na kufanyiwa mazoezi: kupanga kozi na kipindi, kueleza kwa uwazi, kuuliza maswali yanayofikirisha na kusikiliza majibu, kutoa mrejesho, na kutunga mitihani inayopima kilichofundishwa. Sauti nzuri, ucheshi na ufasaha vinasaidia watu wakae macho, ila havitoshi kuitwa stadi ya kufundisha (tazama swali la 15).

Ipo stadi nyingine ambayo husahaulika kwa sababu haionekani kirahisi: kujua ni wapi hasa wanafunzi hukwama katika somo lako. Lee Shulman aliipa uzito mwaka 1986 alipotenganisha kulijua somo na kujua namna ya kulifundisha somo hilohilo. Chukua mfano wa programu ya kompyuta. Mstari `x = x + 1` kwa mtaalamu ni jambo la kawaida: chukua thamani ya x, ongeza moja, ihifadhi tena. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anausoma kama mlinganyo wa hisabati, na kwa hisabati hauwezekani kabisa. Mhadhiri anayelijua hilo huanza kwa kuchora kisanduku kinachobadilishwa kilichomo. Asiyelijua hushangaa wiki ya sita darasa likimwandikia upuuzi, kisha anasema wanafunzi wa siku hizi hawajitumi.

3. Je, mtafiti mahiri ndiye mwalimu mahiri?

Si lazima. John Hattie na Herbert Marsh walichambua tafiti 58 mwaka 1996 na kukuta uwiano (kipimo cha vitu viwili vinavyoendana: 0 havihusiani, 1 vinaendana kabisa) kati ya ubora wa utafiti na ubora wa ufundishaji ni 0.06, yaani karibu na sifuri. Maana yake si kwamba utafiti unaharibu ufundishaji. Maana yake ni kwamba idadi ya makala alizochapisha mtu haikuambii lolote kuhusu atakavyofundisha. Kamati zinazompandisha mtu cheo kwa machapisho peke yake, kisha zikadai zimezingatia ufundishaji, zinajidanganya.

4. Uzoefu wa miaka mingi je?

Uzoefu husaidia pale mtu anapopata taarifa za kweli kuhusu wanafunzi wake walivyoelewa, kisha akabadilisha kitu. Bila hivyo, miaka ishirini inaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara ishirini.

Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2011. Makundi mawili makubwa ya fizikia yalifundishwa mada ileile kwa wiki moja. Kundi la kwanza lilifundishwa kwa mhadhara na mhadhiri mzoefu anayependwa na wanafunzi. La pili lilifundishwa na watu wasio na uzoefu mkubwa, ila waliopata mafunzo ya ufundishaji shirikishi. Kwenye jaribio la mwisho wa wiki, kundi la mhadhara lilipata wastani wa asilimia 41 na la pili asilimia 74. Ilikuwa wiki moja tu, kwa hiyo usitarajie pengo kubwa hivyo kwa muhula mzima. Hata hivyo linaonyesha kwamba mbinu inaweza kuwa na nguvu kuliko miaka kazini.

## Ndani ya kipindi

5. Kati ya stadi zote, nianze kuboresha ipi?

Anza na mpangilio na uwazi. Kenneth Feldman, aliyepitia tafiti nyingi za miaka ya nyuma, alikuta kwamba maandalizi ya kozi na uwazi wa maelezo ndivyo vilivyohusiana zaidi na ufaulu wa wanafunzi, kuliko haiba au urafiki wa mhadhiri. Pia ni stadi ambazo hata mtu mpole, asiye mzungumzaji, anaweza kuzimudu.

Kwa kipindi cha dakika 50, andika kwanza sentensi moja: mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kufanya nini? Tumia kitenzi kinachoweza kupimwa: kukokotoa, kutofautisha, kuchora, kukosoa. "Kuelewa" hakupimiki. Malengo mawili yanatosha, matatu ni mengi. Kosa la kawaida kabisa ni kuandika malengo tisa, kisha kukimbia ili yote yatajwe.

Gawa muda hivi: dakika 5 za kukumbuka kipindi kilichopita bila kuangalia daftari; dakika 12 za maelezo; dakika 8 za kazi ndogo na kuijadili; halafu rudia mzunguko wa maelezo na kazi. Dakika 5 za mwisho mwanafunzi aandike alichopata na kilichomtatiza. Andika mpangilio huo kwenye kona ya ubao na uuache pale hadi mwisho. Unapohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine, sema wazi: "Hapo tumemaliza sababu. Sasa tunaingia kwenye matokeo." Kwako inasikika kama kurudiarudia. Kwa anayenukuu mstari wa nyuma ndiyo inayomrudisha njiani.

Kwenye masomo ya kukokotoa, onyesha swali moja lililofanywa lote, kisha lingine lililofanywa nusu walimalizie, ndipo uwape la tatu wafanye wenyewe. Wengi huruka hatua ya katikati, na hapo ndipo unaposikia, "Darasani nilielewa, nilipofika chumbani nikashindwa."

6. Nina wanafunzi 400 ukumbini. Nitawashirikishaje?

Kwa maswali ya kuchagua jibu yanayojadiliwa jozi kwa jozi. Eric Mazur alianza kuitumia njia hii Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya vidole vya wanafunzi. Huu hapa mfano wa swali la fizikia:

Lori zito linaligonga gari dogo lililosimama. Wakati wa kugongana, kani ipi ni kubwa zaidi?
A. Ya lori kwa gari
B. Ya gari kwa lori
C. Zote ni sawa
D. Gari halitoi kani yoyote kwa sababu limesimama

Jibu ni C, kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton. Wengi huchagua A kwa sababu gari dogo ndilo linalopondeka. Wanachanganya kani na madhara ya kani, na kosa hilo halifutiki kwa kusomewa kanuni mara ya pili.

Soma swali, kisha toa dakika moja au mbili kila mtu afikiri peke yake, kimya. Wahesabie, na wote kwa pamoja waonyeshe jibu kwa vidole vilivyoegemezwa kifuani: kimoja ni A, viwili ni B, na kuendelea. Kifuani, ili jirani asiige. Waliopatia wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, usiwape mjadala, rudi ueleze upya kwa njia nyingine. Wakiwa kati ya 30 na 70, waambie: "Mtafute jirani mwenye jibu tofauti na lako, mshawishi." Dakika mbili au tatu, kisha wapige kura tena. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi na usonge mbele.

Mambo hayaendi vizuri kwa sababu zinazojulikana. Swali likiwa rahisi mno, hakuna cha kujadili. Mhadhiri akitoa jibu kabla ya kura ya pili, mjadala hufa. Hatua ya kufikiri peke yako ikirukwa, wachache wenye sauti huwaamulia wengine wote.

7. Nikiuliza swali darasa linanyamaza. Nifanyeje?

Hesabu kimyakimya hadi tano kabla hujasema neno. Mary Budd Rowe alipima madarasa ya shule miaka ya 1970 na kukuta walimu husubiri takriban sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu wakaongezeka, na "sijui" zikapungua. Chuoni hali si tofauti sana.

Acha pia kuuliza "Mmeelewa?" Jibu lake siku zote ni "Ndiyo" au kimya. Uliza kinacholazimisha jibu: "Tukiondoa sharti hili, hatua ipi itavunjika?" Kimya kikiendelea, wape dakika moja waandike, wasomeane wawili wawili, ndipo uite jozi. Mtu haoni aibu sana kusema "tumefikiri hivi".

8. Slaidi zinasaidia au zinaharibu?

Inategemea zimeandikwa nini. Slaidi iliyojaa aya ambazo mhadhiri anazisoma neno kwa neno humlazimisha mwanafunzi kusoma na kusikiliza maneno yaleyale kwa wakati mmoja, na kimojawapo humponyoka. Weka mchoro, grafu, mlinganyo au swali, na maelezo utoe kwa mdomo. Hesabu na uthibitisho ziandike ubaoni kwa mkono, kwa kasi inayofuatika.

9. Nimeanza kuwashirikisha, sasa wanalalamika kwamba "mhadhiri hafundishi, tunajifundisha wenyewe". Niache?

Usiache. Jaribio la Harvard lililochapishwa mwaka 2019 lilikuta jambo hilihili: wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa ushirikishwaji walipata alama za juu zaidi kwenye jaribio kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara uliopangiliwa vizuri, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo zaidi. Mhadhara mzuri huleta hisia ya kuelewa. Kuhangaika na swali huleta hisia ya kushindwa, ilhali hapo ndipo kichwa kinapofanya kazi.

Malalamiko hayo ni ya dhati na yanastahili kujibiwa. Wiki ya kwanza tenga dakika kumi uwaeleze kwa nini umechagua njia hii. Baada ya jaribio la kwanza, waonyeshe matokeo yao kwenye maswali waliyojadili darasani na yale ambayo hawakujadili. Na kila mjadala ufungwe na wewe mwenyewe, kwa dakika mbili za maelezo yaliyonyooka. Mara nyingi wanaosema "hafundishi" wanaachwa bila kujua jibu sahihi lilikuwa lipi, na hapo wana haki ya kulalamika.

10. Nikifanya yote haya sitamaliza silabasi.

Silabasi iliyomalizwa na mhadhiri si lazima iwe imemalizwa na wanafunzi. Chukua mada zako na uzigawe mafungu mawili: zile ambazo kozi inayofuata inazitegemea au ambazo wanafunzi hukosea kila mwaka, na zile wanazoweza kuzisoma wenyewe. Fungu la pili lipeleke kwenye usomaji wa kabla ya kipindi, liambatane na maswali matatu yenye alama chache. Pasipo alama hizo, wachache sana watasoma.

## Majaribio, mrejesho na alama

11. Majaribio madogo ya mara kwa mara yana faida, au ni usumbufu tu?

Yana faida kubwa, na faida yenyewe haitokani na kutishia watu kwa alama. Kujikumbusha kitu bila kukiangalia hukikaza kichwani. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baada ya dakika tano, waliosoma na kurudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: katika moja ya majaribio yao, waliosoma mara moja na kujipima mara tatu walikumbuka asilimia 61, na waliosoma mara nne asilimia 40. Ndiyo maana kukesha na daftari kunaonekana kufanya kazi usiku wa kuamkia mtihani, kisha muhula unaofuata hakuna kilichobaki.

Kiutendaji, maswali matano kwa dakika kumi kila wiki yanatosha, uzito wote kwa muhula usizidi asilimia 10 hadi 15, na katika kila matano, mawili yatoke kwenye mada za wiki za nyuma. Majibu yajadiliwe palepale. Jaribio linalorudishwa baada ya wiki tatu limepoteza sehemu kubwa ya kazi yake.

12. Mrejesho gani unamsaidia mwanafunzi?

Ule unaomwambia afanye nini tofauti kwenye kazi inayofuata. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipochambua tafiti za mrejesho mwaka 1996, walikuta kwa wastani unasaidia, ila katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo ulishusha utendaji. Hatari huongezeka pale unapomgusa mtu mwenyewe badala ya kazi yake. "Huna umakini" humfanya ajitetee au akate tamaa. "Dai lako la aya ya pili halina ushahidi, weka takwimu au mfano" kunampa kazi ya kufanya.

Ukiwa na insha 120, huwezi kuandika aya kwa kila mmoja. Sahihisha 15 za kwanza, orodhesha makosa yanayojirudia (hayazidi nane kwa kawaida), yape namba na uandike maelezo kamili ya kila moja kwenye karatasi moja ya darasa zima. Kwenye insha andika namba pembeni na sentensi moja tu ya kwake binafsi. Usiwape alama na maoni kwa pamoja kama unaweza kuepuka. Wape maoni kwanza, waandike mistari mitatu ya watakachorekebisha, ndipo uwape alama. Wakishaiona alama, wengi hawasomi kilichobaki.

13. Darasa langu lote limepata alama za juu. Huo si ushahidi kwamba ninafundisha vizuri?

Peke yake, hapana. Alama hupanda kwa sababu nyingi: mtihani rahisi, maswali yaleyale ya miaka iliyopita, dokezo la mada zitakazotoka, usahihishaji wa huruma. Zote hizo hazijafundisha mtu chochote.

Ushahidi mzito uko kwenye kozi inayofuata. Scott Carrell na James West walichunguza Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa wahadhiri kwa bahati nasibu na hufanya mtihani mmoja. Mwaka 2010 waliripoti kwamba wahadhiri wasio na uzoefu mkubwa walipandisha alama za kozi yao na walipendwa zaidi kwenye tathmini, lakini wanafunzi wao walifanya vibaya zaidi kwenye kozi za juu zinazojengwa juu ya ile ya kwanza. Wahadhiri wazoefu walikuwa kinyume: alama za sasa za chini kidogo, msingi imara baadaye. (Linganisha na swali la 4. Hapa uzoefu ulilipa, ila faida yake ilionekana kwa kuchelewa.)

14. Nusu ya darasa imefeli. Ni kosa la mhadhiri?

Usitoe hukumu kabla hujaufungua mtihani wenyewe, swali kwa swali. Panga karatasi kuanzia alama ya juu hadi ya chini. Chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Kwa darasa la watu 100, hiyo ni karatasi 27 kila upande. Kwa kila swali hesabu waliopatia katika kila kundi, toa idadi ya kundi la chini kwenye ile ya kundi la juu, gawa kwa 27. Swali ambalo 22 wa juu na 9 wa chini wamelipatia lina 0.48, ni swali zuri. Likiwa karibu na sifuri, halitofautishi anayejua na asiyejua. Likiwa hasi, kagua mwongozo wa kusahihisha kwanza, maana mara nyingi jibu lililowekwa kuwa sahihi si sahihi, au swali lina maana mbili na wenye uwezo wameiona ile ya pili.

Maswali yakiwa mazima, tazama yaliyoanguka ni ya mada gani. Yakilundikana kwenye mada moja, tatizo ni namna mada hiyo ilivyofundishwa. Yakitawanyika kote, chunguza maarifa ya awali ambayo kozi ilidhani wanafunzi wanayo: jaribio la dakika 20 wiki ya kwanza lingeonyesha mapema. Na kama mtihani uliuliza uchambuzi ilhali vipindi vyote vilikuwa vya kutaja na kukariri, hapo ndiyo, kosa ni la aliyefundisha.

## Kumpima mhadhiri

15. Fomu za tathmini wanazojaza wanafunzi zinaonyesha nani anafundisha vizuri?

Zinaonyesha walivyoridhika, na kuridhika si kujifunza. Kwa miaka mingi ilinukuliwa kazi ya Peter Cohen ya 1981 iliyokuta uwiano wa 0.43 kati ya tathmini na ufaulu. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake waliuchambua ushahidi upya na kuonyesha kwamba uwiano mkubwa ulitoka kwenye tafiti ndogondogo. Ukizipa tafiti kubwa uzito unaostahili, uhusiano unakaribia kutoweka.

Upendeleo nao upo. Katika jaribio moja la Marekani la kozi ya mtandaoni, mhadhiri yuleyule alipojitambulisha kwa jina la kike alipewa alama za chini kuliko alipotumia la kiume, hata kwenye kipengele cha kurudisha kazi kwa wakati, ingawa zilirudishwa kwa muda uleule. Na mwaka 1973 watafiti walimtumia mwigizaji aliyejiita Dakta Fox kutoa mhadhara usio na maana, wenye kujipinga, kwa madaha na ucheshi. Wasikilizaji wake, watu wenye elimu ya juu, walimpa tathmini nzuri.

16. Basi tuzitupe?

Hapana. Mwanafunzi ndiye anayejua kama sauti inafika nyuma, kama kazi zinarudishwa, kama mhadhiri huja, kama maandishi ya ubaoni yanasomeka. Muulize hayo. Usimuulize kama mhadhiri "ana ujuzi wa kutosha wa somo", kwa sababu hana namna ya kujua.

Tathmini yenye manufaa zaidi ni ile ya wiki ya nne au ya tano, isiyo na jina, yenye maswali matatu: nini kinakusaidia kujifunza, nini kinakukwamisha, ungependa kibadilishwe nini? Kipindi kinachofuata waambie ulichosikia, utakachobadilisha, na usichobadilisha pamoja na sababu. Ya mwisho wa muhula haimsaidii aliyeijaza.

17. Idara ipime vipi ufundishaji kwa haki?

Kwa vyanzo kadhaa pamoja. Darasa la mhadhiri litembelewe na wenzake wawili kwa tarehe tofauti. Wawe na jedwali la kunukuu kila dakika mbili: mhadhiri anafanya nini, wanafunzi wanafanya nini. Jedwali la namna hiyo, lijulikanalo kama COPUS, lilitumika Amerika Kaskazini kwenye vipindi zaidi ya 2,000 vya sayansi na matokeo yakatolewa mwaka 2018: katika asilimia 55 ya vipindi, mhadhiri alihutubia kwa angalau asilimia 80 ya muda. Faida yake ni kwamba halimwombi mgeni kusema kama amependa. Linamwomba aandike alichoona.

Ongeza mitihani na miongozo ya kusahihisha ya muhula huo, sampuli za kazi zilizorudishwa zikiwa na maoni, na matokeo ya wanafunzi haohao kwenye kozi inayofuata. Kama kozi ina makundi kadhaa, mtihani uwe mmoja na kila mhadhiri asahihishe swali moja kwa wote badala ya kusahihisha wanafunzi wake.

## Hali zenye utata

18. Je, kulazimisha mahudhurio kunapandisha ufaulu?

Mahudhurio na alama vinaendana kwa nguvu. Uchambuzi wa Marcus Credé na wenzake wa 2010 ulikuta mahudhurio yanahusiana na alama kuliko mitihani ya kuingilia chuo ya Marekani. Kulazimisha ni jambo jingine, kwa kuwa orodha ya sahihi huleta miili. Kipindi chenye jaribio dogo na kazi inayorudishwa huvuta watu chenyewe.

19. Ushirikishwaji hauwarudishi nyuma wanafunzi mahiri?

Hakuna ushahidi mzito wa hilo. Kinachojulikana ni kwamba wanaonufaika zaidi ni wale waliotoka makundi yenye fursa chache. Uchambuzi wa Elli Theobald na wenzake wa 2020 ulikuta pengo la alama za mitihani kati yao na wengine lilipungua kwa asilimia 33. Mahiri wape sehemu ya mwisho ya kila zoezi yenye ugumu zaidi, wasikae bure.

20. Wanafunzi wangu wanasoma kwa lugha isiyo yao. Nibadilishe nini?

Tenganisha ugumu wa somo na ugumu wa lugha. Toa orodha ya istilahi 10 hadi 15 kabla ya kila mada. Ziandike ubaoni unapozitaja. Ruhusu mjadala wa jozi ufanyike kwa lugha wanayoijua vizuri, kisha jibu litolewe kwa lugha ya kozi. Kwenye mtihani, fupisha sentensi za maswali bila kupunguza ugumu wa fikra. Mwanafunzi aliyefeli kwa kutolielewa swali hajakuambia chochote kuhusu somo lako.

21. Mafunzo ya ualimu kwa wahadhiri yanafanya kazi?

Semina ya siku moja, vyeti na picha ya pamoja, mara chache hubadilisha kipindi cha Jumatatu inayofuata. Mafunzo ya muda mrefu hubadilisha. Graham Gibbs na Martin Coffey, katika utafiti wao wa 2004 uliohusisha vyuo vikuu 22 vya nchi 8, walikuta wahadhiri waliopitia mafunzo ya miezi kadhaa walielekea kumjali zaidi mwanafunzi anavyojifunza, na wanafunzi wao wakapunguza kusoma kwa juujuu. Kundi lisilopata mafunzo halikuonyesha maendeleo hayo.

Chagua stadi moja kwa muhula, si sita. Mwenzako akutembelee mara tatu, na kila mara mzungumzie stadi hiyo tu. Muhula wa kwanza mara nyingi huwa mgumu, maandalizi huchukua muda mrefu zaidi, na alama zinaweza zisiongezeke. Amua baada ya mihula miwili.

22. Naandika tasnifu kuhusu stadi za wahadhiri na ufaulu. Nisikosee wapi?

Kosa kubwa ni kuwapa wanafunzi dodoso moja linalowauliza mhadhiri anafundishaje na wao wanafaulu vipi, kisha kukokotoa uwiano kati ya majibu yao na majibu yao. Anayejisikia vizuri atapandisha vyote viwili. Ufaulu uchukue kwenye kumbukumbu za mitihani, na stadi zipime kwa kutembelea vipindi (swali la 17).

La pili ni ukubwa wa sampuli. Wanafunzi 400 waliofundishwa na wahadhiri 6 si sampuli ya 400. Kinachotofautiana ni mhadhiri, na wahadhiri ni sita. Tafuta wahadhiri wengi zaidi, hata kama wanafunzi kwa kila mmoja ni wachache, na tumia modeli ya ngazi nyingi inayotambua kwamba wanafunzi wamo ndani ya madarasa.

La tatu ni kutopima walipoanzia. Bila jaribio la awali, aliyepangiwa darasa lenye msingi mzuri ataonekana bingwa. Richard Hake, alipolinganisha kozi 62 za fizikia mwaka 1998, alitumia kipimo rahisi: alama ya mwisho toa ya awali, gawa kwa 100 toa ya awali. Darasa lililotoka 40 hadi 70 lina 30 gawa kwa 60, yaani 0.5. Lililotoka 70 hadi 80 lina 10 gawa kwa 30, yaani 0.33, ingawa alama zake za mwisho ni za juu zaidi. Kwenye data yake, mihadhara ya kawaida ilipata wastani wa 0.23 na madarasa shirikishi 0.48.

Mwisho, alfa ya Cronbach ya 0.7 au zaidi inaonyesha tu kwamba vipengele vya dodoso vinaendana. Haithibitishi kwamba unachopima ni ufundishaji. Na kama wanafunzi walijichagulia wahadhiri wenyewe, andika "inahusiana", usiandike "inasababisha", kuanzia kichwa cha tasnifu hadi mapendekezo. Watahini huanzia hapo.